Choo cha Ulaya na Kikombe cha Marehemu

Shangazi yangu anaitwa Parascovia. Jina la mtakatifu, jina la kutamkwa kanisani mbele ya mshumaa. Lakini njoo leo kijijini kwetu Fântâna Surdă uulizie Parascovia, watu watakukodolea macho. Ulizia Shangazi Choo. Hapo hata mbwa wa jirani atakusindikiza hadi getini.

Na jina hilo alijipa mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya maikrofoni.

Ilikuwa mwaka juzi. Wabunge wetu kutoka Chișinău, mji mkuu wa Moldova yetu, walikuja na wenzao wa nchi moja ndogo ya Baltiki, wale wanaoitwa kundi la urafiki. Wao wameshaingia Umoja wa Ulaya zamani, sisi bado tumesimama mlangoni tunafuta viatu. Kwa hiyo wakaja kutuonyesha jinsi ya kufuta viatu. Wote tukajazana kwenye ukumbi wa kijiji, maikrofoni ikazungushwa, kila mtu aseme Ulaya kwake ni nini.

Meya wetu Arcadie akasema, "Ulaya ni tunu zetu za pamoja." Makofi. Mwalimu wa historia akasema Ulaya ni kurudi nyumbani, akalia kidogo. Makofi zaidi. Maikrofoni ikaenda ikaenda, ikamfikia shangazi, ambaye hata kualikwa hakualikwa. Yeye ndiye mtunza shule na ukumbi, alikuwa kasimama nyuma na dekio lake akisubiri waondoke apige deki.

"Ulaya kwangu ni choo," akasema. Hakuna makofi. Akaona labda hawajaelewa, akafafanua: "Cha ndani. Chenye maji."

Jamani, ukumbi ulianguka. Mtu akarekodi (sio mimi, msianze), mwingine akaweka kinanda cha harusi chini yake, na kabla ya chakula cha jioni klipu ilishafika kwa ndugu zetu wote Italia na Ailandi. "Cha ndani, chenye maji! Cha ndani, chenye maji!" DJ mmoja aliipiga kwenye harusi, shangazi mwenyewe yupo mezani anakula vibunda vya kabichi vilivyojazwa nyama, watu wanacheza duara wakimwimbia. Akaendelea kula. "Wacheze," akaniambia. "Wakichoka wataenda chooni, na watakikuta nje, kwenye baridi."

Sasa nyie mnacheka, na mimi nilicheka. Lakini shangazi hakuwa anatania.

Ana mjukuu, Sanda, darasa la pili. Mama yake Sanda yuko Padova, Italia, anawaogesha wazee wa watu, kama akina mama wa nusu ya darasa lile. Choo cha shule yetu ni kibanda cha mbao ng'ambo ya uwanja. Sitakielezea. Nimesoma hapo, na mpaka leo nikisikia harufu ya chokaa ya kumwagia shimo nabadilisha njia. Januari upepo unapanda kutoka chini, kule kwenye tundu, na ubao una barafu. Kuna watoto wameteleza. Basi Sanda akajitafutia akili yake: hanywi maji. Asubuhi hanywi, shuleni hanywi, anarudi nyumbani midomo imepasuka kama udongo wa Agosti. Figo zikaanza kuuma. Daktari wa wilaya akamwambia shangazi kwa upole kabisa: majira mengine ya baridi kama haya, mtoto atakaa hospitali, si shuleni.

Hiyo ndiyo Ulaya aliyokuwa anaiomba. Sio tunu za pamoja. Figo za mtoto.

Haya. Yule mama kiongozi wa wageni, anaitwa Rasma, mbunge mwenye nywele fupi nyeupe na viatu vya kutembelea shambani, hakucheka hata kidogo siku ile. Alimwomba mkalimani arudie maneno ya shangazi, akaitikia kwa kichwa. Mwaka uliofuata habari ikaja: mabunge mawili yamekubaliana, shule ya Fântâna Surdă itajengewa choo. Cha ndani. Chenye maji.

Kilijengwa kiangazi. Na kwa kweli ni kizuri, sitaki kumsingizia fundi. Vigae vyeupe, visinki vifupi vya urefu wa mtoto, mabomba yanang'aa, bango mlangoni lenye bendera mbili na duara la nyota. Shangazi alikisugua kila siku ingawa hakuna aliyekitumia. Alikuwa anaingia tu, anasimama, anatoka.

Kitu kimoja hakikuwepo.

"Arcadie mwanangu," akamwambia meya njiani, "bomba la kutoka kisimani liko wapi? Nimeona mabomba ya bluu yakishushwa kwenye lori kwa macho yangu."

"Shangazi, mambo ya kitaalamu hayo."

"Mtaalamu ni nani?"

"Linakuja, shangazi. Ulaya haikujengwa kwa siku moja."

"Mimi sijaomba Ulaya yote. Nimeomba maji."

Mabomba yalikuja kweli, na yalifukiwa kweli. Yalitoka kisimani yakapita kando ya shule, karibu kabisa, yakaendelea mteremkoni hadi kwenye nyumba ya wageni. Ile nyumba ni ya nani? Ya meya. Na hoja alikuwa nayo, tena aliisema bila aibu kwa kila aliyeuliza: wabunge wa Ulaya wakija kuzindua watalala wapi? Wataoga kwa ndoo? Mnataka tuaibike? Yaani maji ya choo cha watoto yalichepushwa ili waliotoa msaada wa choo waoge maji ya moto kabla ya kwenda kukizindua. Soma tena taratibu. Mimi nimeisoma mara nyingi na bado haijanyooka.

Na chawa wake wakaitikia: ndiyo, heshima ya kijiji, ndiyo, mgeni kwanza.

Siku ya uzinduzi ilikuwa wakati wa kuvuna zabibu, mikono ya watu wote myeusi. Asubuhi mapema chawa wawili walipandisha tangi juu ya paa la choo, wakalifunika kwa turubai. Shangazi akawauliza lina nini. "Maji," wakasema. Akauliza, na yakiisha? Wakamwangalia kama mtu aliyeuliza mwezi ukiisha itakuwaje.

Ndipo akaenda nyumbani, akavua aproni. Nilikuwa jikoni kwake nakula mikate ya jibini. Nikaona anatoa kabatini mkate wa kusuka, mshumaa, taulo la kutarizi na kikombe kipya cha udongo.

"Shangazi, nani amekufa?"

"Wengi," akajibu. Akafunga taulo kwenye mkono wa kikombe, fundo la marehemu.

Kwetu, kisima kipya au daraja jipya halihesabiki limekabidhiwa kwa watu mpaka mtu apewe kikombe kwa ajili ya roho ya marehemu fulani, akinge maji palepale, anywe. Ukipewa kikombe hicho unajibu "bogdaproste," yaani Mungu awasamehe wafu, na unakunywa. Hukatai. Unaweza kukataa mwaliko, unaweza kukataa mchumba hata mbele ya padri, lakini kikombe cha marehemu hukatai. Watu wetu wanaamini kabisa kwamba kule wanakokaa wafu kuna kiu, na maji wanayopata ni haya tunayowanywea sisi.

Lakini kwa choo? Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwa choo. Nikacheka. Shangazi hakucheka.

Uwanjani kila kitu kilikuwa kama kawaida ya mambo haya. Wasichana na mkate na chumvi. Wageni wakachovya, wakatafuna, wakatabasamu. Watoto waliooshwa nyuso wakaimba. Mheshimiwa wetu wa Chișinău akaongea, akasema "hatua ya kihistoria" mpaka nikaacha kufuatilia. Meya akaongea, akasema choo hiki ni daraja. Rasma akaongea kifupi, na msichana mkalimani, Ilinca, akatafsiri: nchini kwao pia walikuwa na vyoo kama kile kibanda, yeye mwenyewe anakikumbuka, na jirani mmoja aliwasaidia, kwa hiyo leo ni zamu yao. Hakusema historia. Alimtazama shangazi akamwonyesha kwa mkono: huyu ndiye aliyetuambia.

Mkasi ukaletwa. Utepe ukanyooshwa. Na hapo ndipo shangazi akatoka kwenye watu, mshumaa unawaka mchana kweupe, akapita chini ya utepe kama vile ni kamba ya kuanikia nguo, akasimama mlangoni mbele ya meya.

"Arcadie," akasema, kwa sauti ya kanisani. "Kikombe hiki nakupa kwa ajili ya roho ya Haralampie, baba yako, aliyechimba visima vya kijiji hiki akafa bila kudai shukrani. Kinga maji hapa, unywe, na kule aliko apoe kiu."

Padri akajivua kofia kwa mazoea. Mstari wa mbele alikaa Bibi Vasilina, mama yake Arcadie, mjane wa huyo Haralampie, kajifunga kitambaa cheusi, na alipolisikia jina la mumewe akajifanyia ishara ya msalaba.

Meya angefanya nini? Alipokea. "Bogdaproste," akasema. Akaingia, mlango wazi, wote tunaona. Akafungua bomba.

Shangazi hakuwaamini wale wa tangi; alitegemea pakavu, aliniambia baadaye. Alitaka tu bomba likohoe mbele ya wageni. Lakini tangi lilikuwa na maji, na maji yakatoka.

Ya bluu.

Sio bluu ya kusema labda macho yangu. Bluu ya anga ya Pasaka. Wale chawa, katika haraka yao, walikuwa wamekwapua tangi la kunyunyizia mizabibu, lile la dawa ya ukungu ya jiwe la bluu, wakalijaza bila hata kulisuuza. Kila mtu uwanjani pale, kuanzia padri hadi mtoto wa chekechea, anaijua rangi ile. Viatu vya kila baba kijijini vina rangi ile. Hakuna aliyehitaji kuelezwa, isipokuwa wageni.

Mgeni mmoja kijana akachangamka. Ilinca akatafsiri kwa sauti ndogo: "Anasema ni vizuri, mmeweka na dawa ya kusafishia, ile ya bluu. Kwao pia wanatumia."

"Ndiyo!" Meya akadaka. "Mwambie ndiyo! Dawa ya kusafishia! Viwango vya Ulaya!"

Kikombe kimejaa mkononi mwake.

"Arcadie." Ni Bibi Vasilina, kasimama, anashikilia fimbo. "Kunywa."

"Mama, hayafai..."

"Watoto walikuwa wanywe hayo? Kunywa. Baba yako anasubiri."

Akamtazama mama yake. Akamtazama mheshimiwa. Halafu, na hili nimeliona kwa macho yangu mawili, akakigeuza kikombe akamwaga kwenye sinki.

Nimeshuhudia ugomvi wa mashamba, nimeona mtu kapigwa kwa sepetu. Sijawahi kusikia kijiji kizima kikivuta pumzi namna ile.

Rasma akamgeukia Ilinca akauliza jambo. Ilinca kasimama kati ya mheshimiwa, ambaye anamtolea macho, na shangazi, ambaye hamtolei macho kabisa, kashika mshumaa tu. Msichana akamgeukia Rasma. Akaongea, na alipomaliza akaturudia kwa lugha yetu, kwa ajili yetu wote: "Ameuliza hiyo ni nini. Nimemwambia ni dawa ya mizabibu, na kwamba ni sumu."

Rasma akauliza tena, na Ilinca akamgeukia shangazi: "Anauliza maji yenyewe ya kisimani yako wapi."

Shangazi akajibu taratibu, kama anamwelekeza mtu kituo cha basi. "Mwambie anayo yeye. Yalipita hapa jana yakienda alikolala."

Ilinca akatafsiri. Rasma akalitazama sinki. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyegundua nywele kwenye supu aliyokwisha kuimaliza. Akasema kitu kifupi, na Ilinca akakitoa vilevile: "Asubuhi nimeoga. Maji ya moto. Nimeoga muda mrefu."

Akaweka mkasi chini, juu ya kiti, akarudi nyuma.

Ungedhani imeishia hapo, eh? Subiri. Mheshimiwa wetu akacheka kile kicheko cha televisheni, akasema, "Mambo madogo ya kiufundi, ndugu zangu, yatarekebishwa," akauokota mkasi, akakata utepe mwenyewe. Na watu wakapiga makofi! Sio wote, lakini wa kutosha. Picha ikapanda mtandaoni kabla hatujamaliza kukunja viti: mheshimiwa, meya, utepe, nyota. "Hatua nyingine kuelekea Ulaya." Mioyo chungu nzima kwenye komenti. Wenye mikono iliyopiga makofi ndio hao hao wenye watoto wanaovuka uwanja kwenda kwenye kibanda. Nilisoma zile komenti nikafunga simu, nikaenda kunawa mikono.

Halafu kilichofuata ndicho kilichonichefua zaidi. Wageni waliondoka bila kubaki kwa chakula, na kijiji kikamgeukia nani? Shangazi. "Umetufungia Ulaya, wewe mwanamke." "Si ungesubiri waondoke?" Duka la mkate likamnyamazia. Jirani yake Eudochia, ambaye wana wake wawili wamejenga nusu ya Dublin, akamwambia juu ya ukuta: "Sasa tutabaki nje kwa sababu ya mkojo wa mjukuu wako."

"Nje tuko siku zote, Eudochia," shangazi akamjibu. "Si ndiko choo kiliko?"

Alijibu hivyo, lakini nilimwona jioni kashika glasi ya maji anambembeleza Sanda anywe, na Sanda anatikisa kichwa kwa sababu kesho kuna shule. Oktoba ilikuwa inaisha. Ukungu wa asubuhi ulishaanza kuganda kwenye nyasi.

Aliyetuokoa hakutoka bunge lolote. Bibi Vasilina alirudi siku ile nyumbani kwa mwanawe, kwenye ghorofa ya chini ya ile nyumba ya wageni, akafunga mto wake na picha zake za watakatifu kwenye shuka, akahamia kwa dada yake. Jumapili, kanisani, alipoulizwa na wanawake wenzake kulikoni, akasema maneno manne tu: "Mume wangu ana kiu."

Basi. Yakaruka kijiji kizima. Kwamba Haralampie, mchimba visima, kanyimwa maji na mwanawe wa kumzaa, yamemwagwa sinkini mbele ya padri. Vasilina akawa hali chakula cha Arcadie. Akimletea supu anaifunika na kuirudisha. Akimbusu mkono, anaufuta.

Na watu wetu, wale wale wa makofi, hapo ndipo wakapata ujasiri! Wizi wa bomba waliuvumilia. Figo za watoto walizivumilia. Lakini marehemu mwenye kiu? Hapana. Meya akipita dukani: "Arcadie, mzee amekunywa?" Akiingia kwenye baa, mtu anamsukumia glasi: "Chukua, mpelekee baba." Watoto nao nyuma ya ua: "Bogdaproste! Bogdaproste!" wanakimbia. Hata mkewe, nasikia, aliota baba mkwe kasimama jikoni anafungua mabomba moja baada ya jingine.

Wiki ya kwanza ya Novemba tingatinga lilikuja. Bomba likakatwa pale linapopita kando ya shule, likaingizwa chooni, pampu ikafungwa. Tangi la bluu likashushwa, nalo likarudi mashambani. Hakukuwa na utepe. Lakini usidhani Arcadie alijificha: picha ilipanda jioni ile ile, yeye na kofia ya fundi. "Tulichoahidi tumetimiza, asante kwa marafiki zetu bungeni." Mioyo tena. Najua Rasma aliandika kupitia kwa Ilinca kuuliza kama watoto wana maji, na hilo ndilo swali pekee la maana nililolisikia kutoka kwa mtu yeyote mwenye bendera kwenye koti.

Siku ya pili Bibi Vasilina alikuja shuleni na mkate wake na mshumaa wake. Hakumpa mwanawe. Akatafuta mtoto, kama inavyotakiwa, akamwona Sanda kasimama nyuma ya sketi ya shangazi. Akakinga maji bombani, meupe, baridi, akampa.

"Kwa ajili ya roho ya Haralampie, binti yangu."

Sanda akamtazama shangazi. Shangazi alikuwa anauma mdomo. Mtoto akasema bogdaproste, akanywa. Akanywa yote, akavuta pumzi, akaomba tena.

Katikati ya somo la hesabu, Sanda wetu, ambaye tangu aanze shule hajawahi kuomba ruhusa hata siku moja, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kwenda."

Alikaa huko muda mrefu mpaka mwalimu akatuma mtu. Wakamkuta amemaliza kitambo. Anafungua bomba, anafunga, anafungua.

Mimi sijapona hasira, niseme ukweli. Mabunge mawili, hotuba, bendera, watu wazima wenye tai, na kilichosogeza maji ni mzee aliyeko kaburini. Natamani ningekuwa na maneno mazuri ya kumalizia, sina.

Kwa hiyo wewe unayesoma, najua na kwenu kipo. Zahanati iliyozinduliwa bila kitanda, daraja lililokatwa utepe mto ukiwa upande mwingine, bomba la picha tu. Niandikie hapo chini: ni kitu gani, nani alikata utepe, na nani mwishowe alileta maji. Andikeni na majina ya utani mliyopewa mlipouliza. Nitasoma yote, na nitamsomea shangazi akiwa anapiga deki.